Kidole cha Mpingo

Mchumba wangu aliileta pete Jumamosi moja baada ya kazi. Alikuwa ameifunga kwenye leso nyeupe, na leso yenyewe akaizungushia kipande cha gazeti. Alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji kule Wazo, na kutoka Wazo hadi kwetu Temeke, siku zile, mtu alipanda mabasi mawili na kumalizia kwa miguu. Alifika akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mama alimpa maji akanawa, akampa mengine akanywa, ndipo akafungua leso. Ilikuwa dhahabu. Hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa, sabuni ya kufulia tulikuwa tunaipangia foleni tangu alfajiri, na wasichana wengi niliosali nao walikuwa wameolewa kwa pete za shaba zilizosuguliwa kwa majivu na ndimu.

"Nilikisia tu," alisema, macho kwangu lakini maneno kwa mama. "Nilipima kwa kidole changu cha mwisho."

Kosa halikuwa lake. Hakujua kwamba kidole changu cha pete, mkono wa kushoto, kiliumia nikiwa shule, kwenye netiboli. Mpira ulikuja kwa kasi, nikaudaka vibaya, kidole kikapinda kwa nyuma. Bibi alinikanda kwa maji ya moto, akakifunga na kijiti, kikapona. Lakini kile kifundo cha katikati kilibaki kinene, na chini yake, pale pete inapokaa, kidole kilikuwa chembamba kuliko wenzake. Nilizoea kukificha. Nikikaa na wageni, mkono wa kulia naulaza juu ya wa kushoto. Mwaka mzima wa kuchumbiana, yule kijana alikuwa ameushika mkono wangu wa kulia tu, wa kusalimiana.

Alipoondoka niliingia chumbani nikaijaribu. Ikagoma kwenye kifundo. Nilipaka mafuta ya nazi, nikapaka na sabuni, nikasukuma. Nilisukuma kwa sababu niliona aibu kumwambia mtu aliyejinyima miezi yote ile kwamba haingii. Ikapanda nusu ya kifundo, ikakwama hapo, haiendi mbele wala hairudi. Baada ya muda kidogo kidole kilianza kuwa chekundu, kisha kikaanza kugeuka rangi ya zambarau.

Mama aliponiona alishika kichwa. "Tukaikate," alisema. "Twende kwa sonara."

Sonara wa karibu alikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu, nyuma ya soko. Walikuwa mtu na mkewe, watu wa asili ya Kiarabu ambao babu zao walikuwa na duka hapo kabla hata barabara haijawekwa lami. Mume ndiye aliyekuwa sonara mwenye jina. Lakini macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na kwa miaka kadhaa alikuwa hawezi tena kuona kazi ya karibu. Mkewe, ambaye alikaa naye kwenye meza ile tangu walipooana, alichukua zana akaendelea. Wanaume wengi walikataa kumpa kazi. Walisema hawajaona sonara mwanamke, wakapeleka dhahabu zao Kariakoo. Wanawake wa Temeke ndio waliobaki naye.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka, mbele ya meza fupi, kanga kichwani na nyingine kiunoni. Mumewe alikuwa kwenye kiti karibu na mlango.

"Shikamoo Bi Mkubwa," nilisema, mkono nimeuinua juu kwa maumivu.

"Marahaba mwanangu. Usiushushe huo mkono. Kaa hapo hapo, uache juu."

Hakuuliza lolote. Alileta bakuli la maji kutoka kwenye mtungi, akanichovya mkono, akauinua tena juu, akanishikia mwenyewe mpaka ule wekundu ukaanza kupungua. Mama alikuwa anasema tuikate, tuikate tu.

"Pete hii ina kosa gani mpaka ikatwe?" alimjibu kwa upole. Akachukua uzi wa kushonea, akapitisha ncha yake chini ya pete kwa sindano butu, kisha akauzungusha ule uzi kwenye kidole, mzunguko kando ya mzunguko, umebana, mpaka kifundo chote kikawa kimefunikwa. Iliuma. Halafu akaishika ile ncha ya chini na kuanza kuufungua taratibu, na kila uzi ulipofunguka, pete ilisogea kidogo juu yake. Ikavuka kifundo, ikaangukia kiganjani mwake.

Mama alishusha pumzi kama aliyekuwa amezama. Bi Mkubwa aliitazama pete, akakitazama kidole changu, akakishika hapa na pale, nami nikamsimulia habari za netiboli.

"Mchumba wako anakupenda," alisema. "Ila hakujui."

Mumewe alicheka pale mlangoni. "Mlete hapa," akasema. Nilisogea. Alishika mkono wangu, akapitisha kidole gumba chake juu ya kifundo, akashuka chini, akarudi juu. "Bibie, hapa kuna tofauti ya vipimo vitatu."

"Mie nasema vitatu na nusu," mkewe alijibu. Alichukua kipimo chake, shada la pete za bati zilizotungwa kwenye waya, nyingine zimepotea, akazijaribu moja moja. Kisha akasema, "Tatu na nusu. Jumatatu uje asubuhi kabla hujaenda kazini, halafu uje tena saa kumi ukitoka. Leo kidole kimeshaumia, kinadanganya."

Nilifikiri ananisumbua. Kazi yangu ilikuwa kushona kola kwenye kiwanda cha mashati pale Chang'ombe, na kupita kwake asubuhi ilinibidi niamke mapema zaidi. Lakini nilikwenda. Asubuhi pete ya bati namba fulani ilipita kwenye kifundo bila kusukumwa. Saa kumi, baada ya siku nzima ya joto na cherehani, ile ile ilikwama.

"Umeona?" alisema. "Mikono ya watu wa Dar ina saa zake. Padri wenu anafungisha ndoa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na sherehe?"

"Mpaka jioni."

"Basi tunapima kwa ajili ya jioni. Sitaki utoke kwenye harusi yako na kidole cha zambarau."

Jioni ile nilibaki pale kwa muda kwa sababu alikuwa na mteja mwingine, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, mumewe mpakuzi wa mizigo bandarini. Alikuwa ametoka Kurasini na kamba aliyojifunga kwenye kifundo cha mkono, ina alama ya mkaa, ndiyo kipimo chake cha bangili. Bi Mkubwa aliipokea ile kamba, akaiweka pembeni bila kuitazama.

"Hii inafaa kwa kikuku cha mnyororo, chenye kifungo," alisema. "Hapo unapima mkono, unaacha nafasi ya kidole kimoja, basi. Bangili haina kifungo. Bangili lazima ipite hapa." Akamshika kiganja. "Lete gumba lako katikati ya kiganja. Bana vidole. Kama unaingiza mkono kwenye mtungi mwembamba. Hivyo hivyo." Akazungusha uzi mahali pale penye upana kuliko pote, kwenye vifundo vya vidole, akakata.

"Lakini ikipita huko si itanicheza mkononi?" yule mama aliuliza.

"Ndiyo raha ya bangili, icheze. Ukitaka isiyolia, vaa saa."

Alipofika kwenye mkufu, alimpima shingo amekaa, akampima amesimama. Halafu akamwambia ainame kama anayefagia, na mwisho akamwambia acheke. Yule mama alicheka kweli, na uzi ukapanda juu ya kifua chake. Bi Mkubwa akaongeza upana wa vidole viwili. "Wengi wanapimwa wamekaa kama wanapigwa picha," alisema. "Wakienda nyumbani wakicheka, mkufu unawakaba."

Nilimtazama siku ile, nadhani kwa mara ya kwanza nikimtazama hasa. Masikio yake yalikuwa na hereni ndogo sana, na mikono yake ilikuwa mitupu. Hakuwa mtu wa kujionyesha. Lakini mtu akishampa mkono wake, alikuwa anaujua mkono ule kuliko mwenyewe.

Tatizo letu lilikuwa hili. Pete ya kupita kwenye kifundo changu ingekuwa kubwa, na ikishapita ingezunguka na kuteleza kwenye sehemu nyembamba. Na kuikuza kulihitaji dhahabu ya kuongeza, ambayo haikupatikana ovyo. Mama alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kipini. Alivikwa puani akiwa msichana, upande wa Newala, na aliacha kukivaa muda si mrefu baada ya kuhamia mjini.

"Mama, hicho ni cha nyumbani kwenu," nilisema.

"Tundu lenyewe limeshaziba. Nikivae wapi, sikioni?" Akakiweka kwenye kiganja cha Bi Mkubwa mwenyewe, hakutaka mimi nikibebe.

Bi Mkubwa hakuigusa ile pete kwanza. Alitengeneza nyingine ya waya wa shaba, ya kujaribia, akaniambia niivae wiki nzima. Niivae kazini, niivae nikifua, niivae nikilala. Ilinizunguka kidoleni kama gurudumu. Siku ya tatu, nikisuuza mashuka, ilitoka ikaingia kwenye beseni na kwenda na maji machafu uani. Niliitafuta kwenye tope mpaka nikaipata, nikampelekea nikiwa na aibu.

"Vizuri sana," alisema, amefurahi kabisa. "Ingekuwa dhahabu ungelia. Sasa niambie, ilitokaje? Mkono ulikuwa umeinama au umenyooka? Maji yalikuwa ya baridi?"

Ilibaki wiki mbili na nusu kufika siku ya harusi. Alikuwa na wazo lake, ila lilihitaji kujaribiwa mara nyingi, anapiga tupa kidogo, anajaribu, anapiga tena. Na mimi kiwandani walinipanga zamu ndefu kwa sababu ya oda ya sare za shule. Nilikuwa nafika kwake jua limeshazama, kidole kimechoka na ngozi imeanza kuchubuka kwa majaribio.

Hapo ndipo baba alipoingia katika habari hii. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alikuja Dar na magogo ya mpingo kutoka kusini, akakaa, na uani kwetu palikuwa na vumbi jeusi siku zote. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kuhusu pete alikuwa hajasema hata moja. Lakini aliposikia kipini cha mkewe kimetoka sandukuni, alivaa shati, akasema anataka kumwona huyo mama.

Nilikwenda naye, nina wasiwasi. Baba alisalimia, akakaa kwenye benchi, akamtazama Bi Mkubwa akifanya kazi ya mtu mwingine. Alikuwa analehemu pingili ya mkufu mwembamba kama unywele. Mume wa Bi Mkubwa alimsemesha baba habari za hali ya hewa, baba akajibu kwa kichwa, akasahau kwamba mwenzake haoni. Ilipita saa nzima. Mwisho baba akasema:

"Hiki kidole cha binti yangu, unakihitaji mara ngapi?"

"Kila nikipiga tupa," Bi Mkubwa alijibu bila kuinua kichwa.

"Na yeye yuko kazini."

"Ndiyo shida yangu hiyo."

"Basi nitakuletea."

Bi Mkubwa akainua kichwa. "Utaniletea nini, baba?"

"Kidole."

Jumapili baada ya misa, baba aliniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kipande cha mpingo miguuni, tezo, patasi na tupa vimepangwa juu ya gunia. Akaniambia nikae mbele yake nimpe mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu nikiwa mtoto wa kuvushwa barabara. Mikono yake ilikuwa migumu, ina mikwaruzo ya zamani, lakini alinishika kwa namna ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyeshika yai.

Alipima kwa uzi mahali saba, kila mahali akafunga fundo. Hakuandika popote. Alikigeuza kidole kwenye mwanga, akakitazama kwa upande, akakitazama kutoka kwenye ncha. Kisha akaanza. Mpingo ni mti mgumu, na kwa kawaida alikuwa anauchonga kwa nguvu, vipande vinaruka. Siku ile alikwangua. Kila baada ya muda mfupi anaweka patasi chini, ananishika tena, anahisi, anarudi kwenye mti.

Mchana ulikuwa umeshapita sana aliposema, macho kwenye kazi, "Kilipoumia sikuwepo. Nilikuwa nimefuata magogo. Niliporudi bibi yako alikuwa ameshakifunga."

"Najua, baba."

"Kile kijiti alichotumia kilikuwa kimepinda. Ningekuwepo ningekuchongea kilichonyooka."

Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa analijua jambo lile, sembuse kwamba alilibeba miaka yote. Nilimwacha ashike kidole changu kadiri alivyotaka.

Alimaliza kwa msasa. Kilikuwa kidole changu kabisa, na kile kifundo, na ule upungufu wa chini yake, hata kupinda kidogo kuelekea kidole cha mwisho ambako mimi mwenyewe nilikuwa sijakuona. Alikuwa amechonga mamia ya sanamu za kuuzia wageni, wazee wenye mikongojo na wanawake wenye mitungi, watu ambao hakuna anayewajua. Hiki kilikuwa cha mtu.

Tulikipeleka jioni ile ile. Bi Mkubwa alikipokea kwa mikono miwili. Alikilinganisha na changu, akavivisha vyote viwili kipimo kile kile cha bati, akatikisa kichwa kwa mshangao. Halafu akampa mumewe bila kumwambia ni nini.

Yule mzee alikipapasa. Uso wake ukabadilika. "Huyu si yule wa netiboli?" alisema. "Mbona wa baridi hivi?"

Tulicheka sote, hata baba. Ila Bi Mkubwa alikuwa bado anafikiri. "Ni kazi kubwa," alimwambia baba. "Ina kasoro moja, na si yako. Mti hauvimbi. Hiki ni kidole cha asubuhi au cha jioni?"

Baba alijibu, "Nilianza asubuhi, nikamaliza jioni."

"Basi kipo katikati. Mie nahitaji vyote viwili."

Baba angeweza kukasirika. Nilikuwa nimewahi kumwona akimrudishia mteja pesa kwa sababu alisema pua ya sanamu ni ndefu. Lakini alinyoosha mkono akakichukua kile kidole, akasema, "Sawa, fundi."

Hakuwa anamwita mtu yeyote fundi, hata wachongaji wenzake. Bi Mkubwa alijua alichopewa. Aliinamisha kichwa kidogo tu, akajibu, "Ahsante, fundi."

Baba alichonga upya, na kwa hiyo nilikuwa na vidole viwili vya mpingo, cha asubuhi na cha jioni. Mimi nikawa naendelea na kola zangu kiwandani, na vidole vyangu viko nyuma ya soko vinajaribiwa pete. Bi Mkubwa aliikata ile pete, akaongeza dhahabu ya kipini, akaiunga mahali ambapo hata leo siwezi kuuona muungano. Ikawa kubwa ya kupita kwenye kifundo cha jioni. Kisha ndani yake, upande wa chini unaogusa kiganja, akalehemu vitone viwili vya dhahabu, kila kimoja kama punje ya ulezi, vimeachana kidogo. Vile vitone vilikaa kwenye nyama laini na kuishikilia pete isizunguke wala kuteleza.

Siku tatu kabla ya harusi aliniita pamoja na mchumba wangu. Alikuja kutoka Wazo, amenyoosha shati, anamwogopa Bi Mkubwa kuliko alivyomwogopa baba. Bi Mkubwa alimpa kidole cha mpingo na pete.

"Kivishe," alisema.

Alisukuma. Ikagoma kwenye kifundo.

"Usisukume. Ingiza ikiwa imegeuka ubavu, vitone viwe pembeni. Ikifika kwenye kifundo, izungushe kidogo kama unafungua kifuniko cha chupa. Itapita yenyewe. Sasa rudia."

Alirudia mara kumi, jasho linamtoka. Aliporidhika, Bi Mkubwa akamwambia, "Sasa mvishe mwenyewe." Mchumba wangu akanyoosha mkono, nami kwa mazoea nikampa wa kulia. Alitikisa kichwa. Nikampa wa kushoto. Alikishika kile kidole, akakitazama kwa mara ya kwanza, pale kwenye kifundo, na hakuuliza kilikuwaje wala hakusema pole. Alisema tu, "Kumbe kiko hivi," kama mtu anayeonyeshwa chumba atakacholala. Akanivisha, akazungusha, ikapita. Mume wa Bi Mkubwa, aliyekuwa anasikiliza kutoka mlangoni, akasema, "Imeingia. Nimesikia."

Kanisani mambo yalikwenda hivyo hivyo. Padri alikuwa mtu wa haraka, na mume wangu alipoanza kuzungusha, padri akadhani imekwama akataka kumsaidia kusukuma. Mume wangu akamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka mabenchi ya nyuma, "Subiri padri, inafunguliwa." Watu wakacheka, pete ikakaa mahali pake, vigelegele vikapanda. Bi Mkubwa alikuja na buibui lake, akasimama mlangoni pamoja na majirani wengine Waislamu. Nilipotoka nje hakuniangalia usoni wala gauni. Aliomba mkono, akaijaribu pete kama itazunguka. Haikuzunguka. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kumwangalia mzee wake.

Habari za kidole cha mpingo zilisambaa. Wanaume waliokuwa wanapita mlangoni kwake wakienda Kariakoo walianza kuingia. Masonara wa huko nao wakawa wanamletea mikono iliyowashinda, wauguzi wenye vidole vilivyovimba kwa maji, wazee wenye baridi yabisi, mkulima mmoja aliyepoteza nusu ya kidole na bado akataka pete ya ndoa. Baba aliacha kuchonga wazee wenye mikongojo. Si kabisa, lakini alipunguza. Alimchongea Bi Mkubwa vijiti vya kupimia pete, vinavyoanza vyembamba na kunenepa taratibu, vyenye mistari sawasawa, na miti ya duara ya kupimia bangili kuanzia ya mtoto mchanga. Aliwahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoona raha kuifanya, kwa sababu haikuwa ya kuwekwa kabatini.

Nilipopata mimba ya kwanza Bi Mkubwa alituma mtu aniite kabla sijavimba. Alinivua pete kwa uzi, taratibu, akaitundika kwenye mkufu mwepesi aliokuwa ameshanipimia kwa macho tu. Aliniambia niiname kama ninayemwogesha mtoto, akaona pete inaning'inia mbali, akaufupisha. "Sasa mtoto hataifikia kwa mkono," alisema, "na wewe utaihisi kifuani." Miezi minne baada ya kujifungua akanirudishia kidoleni.

Ilipita miaka kadhaa, na mume wa Bi Mkubwa akapata nafasi ya kupasuliwa macho. Jicho la kulia likarudi. Nilikwenda kumpa pole na hongera, nimempeleka mwanangu amwone. Nilimkuta amevaa miwani minene, anashangaa kila kitu, amegundua kwamba ukuta wao ulishapakwa rangi nyingine. Alimtazama mwanangu, akamsifu. Kisha akasema, "Wewe ndiye wa netiboli. Lete mkono."

Nikampa. Alivua pete kwa kuizungusha, kwa ustadi, ikatoka bila shida. Akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akachukua lenzi ya zamani aliyokuwa hajaigusa miaka mingi. Alitazama nje ya pete, akatazama ndani. Alitafuta muungano. Alivitazama vile vitone viwili kwa muda mrefu sana, mpaka mwanangu akaanza kunivuta kanga. Mkewe alikuwa kwenye meza yake anakunja waya, hakugeuka, lakini mikono yake ilikuwa imesimama.

"Bibie," yule mzee alisema.

"Labeka."

"Hii kazi mie nisingeiweza."

Bi Mkubwa aliendelea kukunja waya. "Ungeiweza," alisema. "Ila ungeniambia nimrudishe bwana arusi akanunue nyingine."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Watu wa mtaani walitegemea kwamba sasa atarudi kwenye meza yake na mkewe atapumzika. Hakurudi. Alisema jicho moja linatosha kuona kazi nzuri, si kuifanya. Akawa anakaa na wateja, anawauliza wanachotaka, anawaandikia vipimo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na mtu akimuuliza sonara yuko wapi, anamwonyesha mkewe.